Kabla Hujaleta Kobe Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Mahitaji Yake kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Karibu kila anayeniuliza habari za kobe huwa tayari anaye. Kobe yuko kwenye karai, au uvunguni, au amefungwa kamba kwenye shina la mwembe, na swali huwa lile lile: "Mbona hali?" Ukimhoji mwenyewe, hajui ni kobe wa aina gani. Anampa mchicha na wali kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia. Baada ya miezi michache kobe anakufa, na mwenye kobe anabaki akiamini kwamba mnyama huyu ni dhaifu.

Kobe si dhaifu, ila anakufa taratibu mno. Anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na usione tofauti yoyote. Siku unayogundua kuwa macho yamevimba na gamba limelainika, ujue shida ilianza zamani. Kwa hiyo kazi ya kujua mahitaji yake inafanyika kabla hujawa naye, na mwongozo huu unahusu kazi hiyo tu. Itakuchukua kama mwezi mmoja. Inaweza kuishia na uamuzi wa "sifugi", na hapo utakuwa umefanikiwa sawasawa na yule aliyepata kobe.

## Andaa vitu hivi

- Daftari na kalamu. Simu inapotea, daftari linabaki nyumbani.
- Tepu ya kupimia, ya fundi ujenzi au ya fundi cherehani.
- Kipimajoto cha chumba, au kile cha kulelea vifaranga kinachouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kile cha kupimia homa hakifai.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Dumu la lita 20.
- Simu yenye kamera na intaneti.
- Namba ya afisa wanyamapori wa wilaya yako na ya daktari wa mifugo.

Usinunue kitu kingine chochote kwa sasa. Tangi la kioo likishafika sebuleni, mtu hutafuta kobe wa kutoshea tangi, na hapo uchunguzi umekwisha kabla haujaanza.

## Hatua ya 1: Jua unamtaka nani

Swali la "kobe anakula nini" halina jibu mpaka aina ijulikane. Anayeishi kwa nyasi akilishwa dagaa kila siku, figo zinaharibika. Anayeishi kwa samaki na konokono akimwagiwa nyasi, atashinda na njaa. Anza na miguu.

Miguu mipana na bapa, ya kupigia maji, na kichwa kisichoingia ndani ya gamba. Huyu ni kasa wa baharini. Katika bahari yetu wapo wa aina tano: kasa wa kawaida, ng'amba, duvi, kigome na noa. Hafugwi na mtu yeyote nyumbani. Sheria za uvuvi zinamlinda yeye na mayai yake, na hata bila sheria, hakuna ndoo wala bwawa la uani litakalompa bahari. Ukikuta vitoto vyao ufukweni, Msimbati au Kilwa, viache vishuke majini vyenyewe, waondoe mbwa na kunguru, kisha wape taarifa watu wa uvuvi au wa hifadhi ya bahari. Usivitie kwenye ndoo "vipumzike".

Vidole vyenye utando na kucha, gamba lililo bapa kiasi. Huyu ni kobe wa majini. Wenyeji wengi wa mito na mabwawa yetu ni wa makundi mawili, *Pelusios* na *Pelomedusa*. Wa makundi haya wote hukunja shingo kwa upande, hawairudishi ndani moja kwa moja. *Pelusios* ana bawaba mbele ya gamba la chini, anafunga mlango akiogopa, *Pelomedusa* hana. Yupo pia mgeni, *Trachemys scripta elegans*, mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Asili yake ni Marekani, na huuzwa akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Huyu ndiye anayewaponza wengi.

Miguu minene ya mviringo, isiyo na utando, gamba lililoinuka. Huyu ni kobe wa nchi kavu. Wawili muhimu kuwajua ni *Stigmochelys pardalis*, mkubwa mwenye madoa meusi na ya manjano, na jamii ya *Kinixys*, wadogo zaidi, ambao wakishakomaa nusu ya nyuma ya gamba la juu hujikunja kwa bawaba. *Kinixys zombensis* ni mwenyeji wa ukanda wa pwani. Kobe anayeokotwa kwenye majani makavu chini ya kichaka mara nyingi huwa wa jamii hii.

*Tahadhari:* kitoto cha *Kinixys* hakina bawaba inayokunjika bado, kwa hiyo kutoiona hakumaanishi kuwa si yeye.

Umefaulu hatua hii ukiwa na jina la kisayansi daftarini, si "kobe wa kawaida". Kama kuna kobe fulani unayemfikiria, piga picha nne: mguu wa mbele, gamba la juu, gamba la chini na kichwa kwa ubavu. Picha hizo utazihitaji hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Nenda kwa afisa wanyamapori kabla ya kwenda kwa muuzaji

Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote nchini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kobe uliyemkuta shambani wakati wa kupalilia si wako kwa kuwa umemwona wewe. Kumwokota ni kumkamata, na kumkamata au kukaa naye kunahitaji kibali.

Wanaoishi karibu na Mto Ruvuma wana jambo la ziada. Kobe wote wa nchi kavu wako kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, ambao Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama. Kumvusha kobe mto kwenye mtumbwi, hata akiwa zawadi ya shemeji, ni kumsafirisha nje ya nchi bila karatasi.

Nenda ofisini na uulize waziwazi. Unaweza kuanza hivi: "Habari za kazi, afande. Nafikiria kufuga kobe wa aina hii, jina lake hili hapa, na picha hizi. Inaruhusiwa? Kibali kinaombwa wapi, na mnyama mwenyewe atoke wapi ili awe halali?" Andika jibu, tarehe na cheo cha aliyekujibu.

Watu wanaogopa ofisi hii wakidhani ukiuliza umejichongea. Anayeuliza kabla hana kosa lolote.

Umefaulu ukipata moja ya majibu haya mawili: "hairuhusiwi", ukafunga daftari, au "inaruhusiwa kwa utaratibu huu", ukiwa na utaratibu wenyewe mkononi. Jibu la "we chukua tu, nani atakuuliza" si jibu, hata kama limetoka kwa mwenye sare.

## Hatua ya 3: Soma kwa jina la kisayansi, na usome kwa hila

Tafuta mtandaoni kwa jina ulilopata hatua ya kwanza, si kwa neno "kobe". Chora jedwali lenye safu hizi: joto, unyevu, nafasi, maji, chakula, ukubwa akikomaa, umri, magonjwa. Jaza kutoka kwa waandishi watatu tofauti.

Kila mwandishi mpitishe kwenye maswali matatu. Ametaja spishi, yaani aina kamili ya kobe? Anaishi kwenye hali gani ya hewa? Amekaa na kobe huyo miaka mingapi? Anayefundisha baada ya kukaa na kobe miezi mitatu hana alichokwisha kukiona.

Swali la hali ya hewa ndilo linalopotosha watu wa kwetu. Maelezo mengi yameandikwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani ya kaskazini, ambao miezi mingi ya mwaka wanapambana na baridi. Ndiyo maana kurasa nzima ni za taa: taa ya joto, taa ya miale ya UVB. Shabaha ya taa hizo ni kuiga jua, kwa sababu ngozi ya kobe ikipata miale ya UVB hutengeneza vitamini D3, na bila hiyo mwili hauwezi kutumia kalsiamu, gamba linalainika. Sisi jua tunalo, tena bure. Hela ambayo wenzetu wanaitia kwenye taa, wewe itie kwenye kivuli.

*Tahadhari:* jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halihesabiki. Kioo kinazuia karibu miale yote ya UVB. Kobe anayekaa sebuleni Shangani, mita tano kutoka kwenye jua la pwani, anaweza kupata ugonjwa wa mifupa sawa na wa nchi ya theluji.

Mahali waandishi watatu wanapokubaliana, andika kwa kalamu. Wanapotofautiana, tafuta sababu. Mara nyingi utagundua mmoja anazungumzia kitoto na mwingine kobe mzima.

## Hatua ya 4: Pima kobe mzima, si kitoto

Chukua tepu na uchore chini kwa chaki ukubwa wa kobe aliyekomaa. *Trachemys* jike hufika sentimita 25 mpaka 30. *Stigmochelys* anaweza kupita sentimita 40 na kuwa mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Mwite mwenzako aje aone mchoro. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza.

Kisha andika umri. *Trachemys* akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 40, na *Stigmochelys* anaweza kupita 50. Piga hesabu ya umri wako utakapofika huko, na uandike jina la mtu atakayempokea kobe baada yako. Muulize mtu huyo kwanza. "Watoto watamtunza" si jina la mtu. Watoto wataenda kusoma Dar es Salaam na kobe atabaki na bibi ambaye hakuulizwa.

Jambo moja husahaulika: jike hutaga mayai hata kama hajawahi kuonana na dume. Akikosa udongo mlaini wa kuchimba, mayai yanaweza kukwama tumboni, na hilo linaua. Kwa hiyo hata kobe wa majini anahitaji kipande cha nchi kavu chenye mchanga au udongo.

## Hatua ya 5: Chunguza uani kwako kwa siku saba

Kobe hana njia ya kuutengeneza mwili wake joto au ubaridi. Anahama tu kutoka juani kwenda kivulini. Uani wenye joto la aina moja kutwa nzima unamuua kwa kumnyima pa kuhamia.

Chagua sehemu tatu: penye jua kamili, penye kivuli cha mti, na ndani ya banda au kona utakayomlaza. Pima joto kwenye usawa wa ardhi, maana ndiko kobe anakoishi. Pima alfajiri saa 11, saa 3 asubuhi, saa 8 mchana na saa 1 usiku. Andika.

Kwa *Stigmochelys*, unatafuta mahali pa kuota jua penye nyuzi 32 hadi 35, kivuli kisichopita 28 au 30, na usiku usioshuka chini ya 18. *Kinixys* anataka zaidi kivuli, majani makavu ya kujifukia na udongo wenye unyevunyevu. Jua kali la kutwa linamchosha. Pwani ya Mtwara na Lindi huwa na joto la kutosha hata Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi unapovuma. Ukiwa Newala, juu ya uwanda, alfajiri za miezi hiyo ni nyingine kabisa, kwa hiyo usikopi vipimo vya jamaa yako wa Mikindani.

*Hatari kubwa:* kipimo cha saa 8 mchana ndani ya banda la bati. Ukiona nyuzi 38 na kuendelea, banda hilo ni tanuri. Makuti yanafaa zaidi, na tunayo. Karai la bati au beseni lililoachwa juani linaweza kuua kobe mdogo ndani ya muda mfupi sana, hata kama lina maji.

Sasa tazama juu. Kuna mkorosho? Kwetu swali hili lina uzito. Kati ya Juni na Septemba mikorosho ikitoa maua hupuliziwa salfa na viuatilifu vingine vya kuzuia ubwiriunga na wadudu, na vumbi hilo hutua kwenye nyasi zilizo chini, ambazo kobe atazila. Haitoshi kwamba wewe hupulizii. Uliza jirani anapulizia lini na upepo unaelekea wapi. Mabibo yanayoanguka na kuchachuka nayo yana sukari nyingi mno kwake, na maganda ya korosho yana mafuta yanayochoma ngozi. Uani wenye mikorosho unaweza kutumika, lakini eneo la kobe likae mbali na miti hiyo.

Halafu mvua. Mwaga madumu matatu ya maji mahali unapokusudia kujenga banda, urudi baada ya nusu saa. Kama maji bado yamesimama, Januari patakuwa dimbwi. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliwaonyesha watu wa Kilwa maji yanavyoweza kufika pasipotarajiwa. Kobe wa nchi kavu si mwogeleaji, anaweza kuzama.

Mwisho, adui. Mbwa hutafuna gamba. Kunguru hunyofoa vitoto. Siafu wakipita usiku, kobe aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Kenge na panya usiwasahau. Uzio uwe wa tofali au mbao zilizobanana, si wavu: akiona upande wa pili, kobe atasukuma kutwa mpaka ajichubue pua. Zika sentimita 30 chini ya ardhi, kwa sababu wengine huchimba. Eneo la *Stigmochelys* mzima lisipungue mita 3 kwa 3, na hapo bado ni padogo.

Umefaulu ukiwa na jedwali la siku saba na ramani ya uani inayoonyesha jua linapita wapi, kivuli kiko wapi na maji yanaelekea wapi. Kama huna uani, unapanga chumba kimoja, hatua hii imekwisha kukujibu.

## Hatua ya 6: Hesabu maji kwa madumu

Kwa kobe wa majini wafugaji hutumia kanuni rahisi: lita 15 za maji kwa kila sentimita moja ya urefu wa gamba. *Trachemys* wa sentimita 25 anahitaji basi kama lita 375. Gawanya kwa 20: ni karibu madumu 19 kujaza bwawa mara moja.

Kobe hula majini na kujisaidia majini, na amonia inayotokana na uchafu huo inaunguza macho na ngozi. Ukiwa na chujio la umeme, badilisha robo ya maji kila wiki, yaani madumu matano. Bila chujio, au umeme ukikatika siku mbili, itabidi ubadilishe mengi zaidi, mara nyingi zaidi. Sasa andika bei ya dumu mtaani kwako wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua. Watu wa Tandahimba na Newala wanajua ninachosema.

Maji yenyewe yasiwe na chumvi. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, na ya bahari hayafai kabisa kwa kobe wa mtoni. Ya bomba yenye dawa yaache kwenye chombo wazi kwa saa 24.

Kobe wa nchi kavu mahitaji yake ni madogo: sinia la maji lisilo na kina, ambalo anaweza kuingia na kutoka bila kupinduka, likibadilishwa kila siku.

## Hatua ya 7: Zunguka na orodha ya chakula

Kwa wiki moja, kila asubuhi zunguka uani, njiani na sokoni ukiwa na orodha ya spishi yako, uone nini kinapatikana kweli. Chakula kinachoagizwa kutoka Dar es Salaam kisihesabiwe kuwa chakula cha kila siku.

*Stigmochelys* ni mla nyasi. Ukoka, majani ya kunde, majani na maua ya hibiskasi, mpungate ulioondolewa miiba: hivyo vimjaze tumbo. Mchicha na spinachi vina oksaleti inayofunga kalsiamu, kwa hiyo viwe vya siku mojamoja. Matunda yanamharisha.

*Kinixys* hula vingi zaidi: uyoga, matunda yaliyoanguka, majani, konokono, jongoo na minyoo. Chakula chake kinaonekana rahisi, lakini aliyetolewa porini mara nyingi hugoma kula kwa sababu ya woga, na hubeba minyoo ya tumboni. Kwa maoni yangu huyu si kobe wa mtu anayeanza, ingawa ndiye aliye karibu zaidi nasi.

*Pelusios* na *Pelomedusa* hula samaki wadogo, konokono na wadudu. Dagaa wawe wabichi, wasio na chumvi. *Trachemys* akiwa mdogo hula nyama zaidi, akikua aongezewe majani. Wote hawa humezea ndani ya maji, kwa hiyo ukimwekea chakula pakavu hataweza kukila.

Kalsiamu usinunue. Ufukweni utaokota mfupa mweupe wa dome, yule ndugu wa ngisi. Uloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukiyabadilisha, uanike, umkwangulie juu ya chakula.

*Usimpe kamwe:* ugali, wali, mkate, maziwa. Na kisamvu kibichi kina sumu ya sayanaidi. Sisi tunakitwanga na kukipika sana kwa sababu hiyo.

Umefaulu ukiwa na angalau vyakula sita vilivyo umbali wa kutembea, na ukijua vipi vitatoweka Septemba ardhi ikikauka.

## Hatua ya 8: Mpate daktari kabla ya ugonjwa

Madaktari wetu wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Hilo si kosa lao, ila ni lazima ujue. Nenda kwa mmoja na umuulize kama amewahi kutibu kobe, na kama hajawahi, yuko tayari kushauriana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Uliza pia kama kituo cha maabara ya veterinari, TVLA, kilichoko Mtwara kinaweza kupima kinyesi chake kwa minyoo.

Kisha muulize swali hili: "Daktari, kobe akiwa na minyoo utampa dawa gani?" Akitaja ivamektini, sindano ile ya kawaida ya ng'ombe na mbuzi, mwambie kwa heshima kwamba kwa kobe dawa hiyo ni sumu, inaweza kumpoozesha na kumuua. Daktari mzuri ataenda kuhakikisha. Akikucheka, tafuta mwingine.

## Hatua ya 9: Angalia walio nyumbani

Kobe anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela kwenye kinyesi na juu ya gamba. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, takriban sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua.

Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee sana au mtu ambaye kinga yake imeshuka, ahirisha. Kama hakuna, amueni tangu sasa vyombo vya kobe vitaoshewa wapi. Isiwe kwenye karo la jikoni, wala kwenye beseni la vyombo vya chakula. Kunawa kwa sabuni kila baada ya kumshika ni lazima, hata kwa yule anayesema "nimemgusa tu".

## Hatua ya 10: Fuga jiwe kwa wiki mbili

Watu hucheka hapa, lakini hatua hii imewaokoa kobe wengi kuliko dawa yoyote ninayoijua. Tafuta jiwe la kilo mbili, liweke mahali kobe angekaa. Kila asubuhi katafute majani, yaweke mbele ya jiwe. Badilisha maji. Saa 8 mchana toka ukaangalie kivuli kimehamia wapi. Jioni ondoa mabaki, funga banda. Jumamosi pima jiwe kwa mizani, andika gramu. Kupungua uzito mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa, na mkono unatakiwa kuzoea kupima. Kila ukimaliza, weka alama daftarini.

Ndani ya wiki hizo mbili patatokea msiba, safari au kazi ya shamba. Nani atalisha jiwe? Msimu wa kuokota korosho familia nzima ikihamia shambani, nani atabaki? Kama alama zimekosekana zaidi ya siku tatu, kobe angekuwa amekosa siku hizo hizo.

## Hatua ya 11: Kibali kipo na jiwe limelishwa? Kagua kobe

Mpokee kwa mtu mwenye karatasi halali peke yake. Mtazame kabla hujamshika: anatembea akiwa ameinua gamba, au anajikokota? Macho yawe wazi na makavu, pua isitoe mapovu wala kamasi, mdomo usiachame anapopumua. Bonyeza gamba kwa kidole; la kobe aliyekua halibonyei. Wa majini aogelee sawa. Akielea upande mmoja, huenda mapafu yana ugonjwa. Mshike: awe mzito kuliko ulivyodhani, na akusukume kwa miguu. Muombe mwenye kobe ampe chakula mbele yako.

Pima uzito palepale, uandike kwenye ukurasa mpya wa daftari lile lile, chini ya vipimo vya jiwe.

## Kama jibu limetoka "hapana", au tayari unaye

Mgeni kama *Trachemys* usimwachie Ziwa Rutamba, Mto Lukuledi wala bwawa lolote. Yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Atawanyang'anya wenyeji chakula na mahali pa kuota jua. Mwenyeji naye usimrudishe porini kwa kubahatisha, kwa sababu anaweza kupeleka huko magonjwa aliyoyapata akiwa nyumbani kwa watu. Piga simu kwa afisa wanyamapori uliyemwandika kwenye daftari na umweleze ulivyompata. Wakati ukisubiri maelekezo, mpe kivuli, maji safi na chakula cha aina yake, mbali na mbwa, na usimfunge kamba.